Fainali ya Derryvane kwa Kiswahili

Mwalimu Wanyama amefundisha hesabu Faza miaka ishirini na tisa, na kwa miaka yote hiyo hajamwongezea mtoto hata nusu alama. Muulize Bakr, mwenye bodaboda pale gatini. Alirudia darasa la saba kwa kukosa alama moja tu. Mamake, Bi Mahfudha, alikwenda kumbembeleza mwalimu na sahani ya mahamri. Mwalimu alikula mahamri, akashukuru, na alama ikabaki pale pale.

Mtu wa namna hiyo angechukiwa mji mzima, lakini Wanyama alikuja Faza na kitu cha kumfanya asamehewe. Alishuka botini akitokea Bungoma, na sanduku moja la vitabu, na gongo lenye ncha pana, bapa kama mwiko wa pilau ya harusi. Gongo hilo alipewa na Padri Kolman, aliyemsomesha utotoni. Padri alikuwa Mwayalandi, na alikuwa amewafunza wavulana wa Bungoma mchezo wa kwao, wenyewe huuita hurling. Mpira hupigwa ukiwa hewani, au mtu hukimbia nao juu ya gongo kama aliyebeba yai. Ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Ukiutazama mara ya kwanza utadhani watu wamegombania shamba la urithi.

Gongo moja halifanyi mchezo. Wanyama akaenda kwa Famau, fundi wa mashua, mzaliwa wa Mkomani aliyeoa Faza na kunasa huko huko. Famau akaligeuza gongo, akapitisha kidole kwenye nyuzi za mti.

"Mti huu umepinda wenyewe, Mwalimu," akasema. "Haukulazimishwa. Ndiyo mana hauvundiki. Ni kama taruma la mashua."

Akenda kwenye rundo la matawi ya mkomafi, yale yaliyojikunja kwa maumbile, ambayo huyaweka kwa ajili ya mataruma, mbavu za mashua. Akachonga magongo kumi na mawili. Yalikuwa mazito ajabu. Mpira ukawa boya la wavu lililoshonewa ngozi ya mbuzi, na kwa miaka miwili, kila siku baada ya alasiri, uwanja wa shule ulijaa vumbi na makelele. Mpira wa juu ukidakwa, watoto waliita "kushika kunguru", na hakuna aliyejua nani alianza. Kisha Bakr akang'olewa jino la mbele, kina mama wakaandamana hadi ofisini, na mchezo ukazikwa. Gongo moja bado lipo kwa Famau, limekaza mlango. Wanyama akilipita hulishika kidogo. Alizipenda zile alasiri kuliko chochote alichowahi kufundisha.

Padri mwenyewe alikuwa amesharudi kwao Derryvane kuzeekea. Huko, kila kijiji kina timu yake, na timu hugombania ubingwa wa kaunti. (Kaunti zao ni za kale, sisi zetu tumezianza juzi na tayari tumezichoka.) Mchezaji halipwi wala hanunuliwi, huchezea kijiji kilichomzaa, basi. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga wetu, na Padri aliipenda sana methali hiyo, kwa sababu ilimuuma. Alipokuwa na miaka ishirini, Derryvane waliingia fainali, na seminari ikamnyima ruhusa ya kwenda kucheza. Wakashindwa kwa pointi moja.

"Mtu mmoja alipungua," alikuwa akiwaambia wavulana wa Bungoma, na macho yake yakijaa machozi wao hutazama chini. Tangu siku hiyo Derryvane haikuiona fainali tena, hadi mwaka huu.

Habari ililetwa na ujumbe wa Michelle, mpwa wa Padri. Timu imefika fainali, aliandika, lakini mjomba, miaka tisini na moja, yuko kwenye nyumba ya wazee na Kiingereza kimemtoka chote. Amebaki na Kiswahili, na pale hakuna anayemuelewa. Daktari anahesabu wiki. Je, Mwalimu angeweza kumtangazia mechi kwa simu?

Wanyama alisoma ujumbe mara tatu, akakaa kitako kwenye ngazi ya nyumba. Aliogopa. Kama angekosea siku hiyo, hakuna nyingine ya kusahihisha.

Akajipanga kama anavyopanga mitihani. Simu ya Bakr ya kutazamia, yake ya kuzungumzia, na baraza ya shule, maana pale mtandao haukatiki. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa ya kwao, ambayo ni saa kumi na moja ya Faza. Famau akaja na chupa ya kahawa. Saa kumi na moja ikafika, ikapita, na kwenye simu kukawa na nyasi tupu. Wanyama akaanza kutoka jasho. Hatimaye akampigia Michelle.

"Wamerudisha saa nyuma usiku wa jana," akawaeleza wenzake kwa aibu. "Hufanya hivyo kila mwaka. Imebaki karibu saa nzima."

Famau alicheka hadi akashika ubavu. "Nti gani hiyo yarudisha saa nyuma? Na wewe, mwalimu wa hesabu mzima!"

Basi filimbi ya refa na adhana ya magharibi zikaja pamoja. Famau na Bakr wakaenda msikitini, Bakr akimwachia simu mkononi. Wanyama akabaki peke yake, simu moja machoni na nyingine sikioni. Alisikia pumzi tu.

"Padri, ni mimi Wanyama. Tuko uwanjani."

Pumzi. Kisha sauti ndogo, kavu: "Nani ana mpira?"

"Sisi, Padri! Nambari sita. Anakimbia nao juu ya gongo. Ameupiga, uko juu, unashuka... ameshika kunguru!"

Padri akacheka. Hakuwahi kulisikia neno hilo, na alilielewa papo hapo. Wanyama akatangaza kwa maneno ya watoto wa Faza, akisimama, akikaa, akipunga mkono gizani kama mwehu. Bakr na Famau waliporudi, walikaa pembeni. Derryvane waliongoza, wakafikiwa, wakapitwa. Dakika ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi moja. Kijana wao akaupiga kutoka mbali, mpira ukaenda, ukaenda, ukapita nje ya mlingoti kwa shibiri moja. Filimbi ikalia. Kwenye simu ya Bakr, vijana wa Derryvane walianguka kifudifudi kwenye nyasi.

"Wanyama," ikasema sauti. "Imekwisha?"

"Imekwisha, Padri."

"Mtu mmoja alipungua?"

Wanyama akazitazama zile tarakimu. Hakuna mtu Faza asomaye tarakimu vizuri kumliko.

"Hapana, Padri. Tumeshinda kwa moja."

"Ya mwisho nani aliipiga?"

"Wewe."

Wanyama akaibana simu sikioni. Kisha akamsikia mzee analia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Niliwaambia," alikuwa akisema. "Niliwaambia wanipe ruhusa."

Baadaye Wanyama alijipangusa uso kwa ukosi wa shati. Famau akajifanya anatafuta viatu vyake. Bakr alichukua simu yake, akasoma matokeo polepole, akamwinulia macho mwalimu wake.

"Mwalimu," akasema, pengo lake wazi, "mbili? Na sisi tulikuomba moja tu."

Wanyama alicheka huku machozi yanamtoka, akamwambia akifika nyumbani amwombee radhi kwa mamake.