Mibuni ya Nyuma ya Jiko

Ndugu yangu, juzi nilifika nyumbani kijijini Ruanda, huku kwetu Mbozi, nikakaribishwa kahawa ya kopo. Unga wa kukoroga! Nyumba imezungukwa na mashamba ya kahawa, halafu mgeni anakorogewa vumbi la dukani. Nilikasirika hata kikombe nikashindwa kukigusa.

Utotoni mwetu kila nyumba ililima kahawa na hakuna aliyeinywa. Ilikuwa ya kuuza; sisi tulikunywa chai. Bibi peke yake ndiye aliyekataa. Alifundishwa kuipika na mke wa Mwarabu mwenye duka pale Mlowo, akaitenga mibuni ya nyuma ya jiko, mnunuzi asiiguse. "Wazungu wanywe, sisi tulioinama shambani tunywe nini, maji ya kunawia?" alikuwa akifoka.

Jumapili tukitoka kanisani alikaanga buni kwenye kigae, akizigeuza kwa mwiko hadi zianze kupasuka. Mimi nilitwanga, macho yakinitoka machozi kwa moshi. Iliki aliiponda na maganda yake na kuitia mwishoni kabisa, birika likikaribia kuepuliwa. Ukiitia mapema unachapwa. Sukari hakuna. Tulipewa nusu kikombe na karanga za kukaanga, na watoto wa jirani walituonea wivu mpaka jioni.

Siku hizi Bibi haoni. Alipokwenda kukaa kwa shangazi Tunduma, baba mdogo akaing'oa mibuni ile yote, akapanda miche ya parachichi, eti ndiyo yenye soko. Bibi aliporudi hakuna aliyemwambia. Kila akiuliza kama kahawa yake imeiva, nyumba nzima inamjibu, "Bado, mama." Wanamnywesha ya kopo na kumdanganya, mama aliyewazaa!

Basi aliponiuliza mimi, baba mdogo akanikonyeza ninyamaze. Sikunyamaza.

"Bibi, wameing'oa."

Hakushtuka. "Mibuni ikichanua, harufu yake hunifuata mpaka kitandani," akasema. "Mwaka huu sikusikia kitu. Nilikuwa nangoja tu nijue ni nani humu ndani anayejua kwamba bado niko hai."

Baba mdogo akatoka nje. Mimi hasira haijaniisha hadi leo. Kahawa Mbozi bado ipo tele, na iliki sokoni Tunduma ipo. Ile tuliyoilima ili tuinywe wenyewe haipo tena, na hakuja mgeni kuing'oa.