Mlango wa Tanuri

Kabla ya kupita kona yoyote, baba mkwe wangu alikohoa mara mbili. Hakuwa na ugonjwa wa kifua. Alikuwa anatoa taarifa, ili kama mke wa mwanawe yuko upande wa pili apate kutoka njiani na kugeuza uso. Kwetu Masukulu wazee waliishika sana adabu hiyo: baba wa mume na mkwe wake hawatazamani, hawaketi pamoja, hawasemezani. Tukuyu mjini watu walikuwa wameshaanza kuilegeza. Yeye alikohoa hata kwenye kona za soko, ambako asingeweza kujua nani yupo. Jina lake nami silitamki mpaka leo. Nitamwita Baba Jotham, kwa jina la marehemu mume wangu.

Ujanani alikwenda Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kutafuta kazi, kama wanaume wengi wa Rungwe, akaajiriwa kwenye banda la vichwa vya treni pale Livingstone. Aliporudi, baadhi ya watu waliamua kwamba alikuwa dereva wa treni, na wengine kwamba ni mwongo. Yeye miaka yote alisema lile lile: "Mzungu aliendesha. Mimi niliwasha." Kazi yake ilikuwa kuwasha moto kwenye tanuri la kichwa cha treni alfajiri, ili dereva akija akute mvuke tayari. Alimwahidi Jotham kwamba siku moja angempeleka akaone. Jotham akafariki mwaka tisini na tatu, hajaenda.

Wakati huo nilikuwa mwalimu, na kama walimu wengi biashara ilipofunguliwa, nilikuwa na kibanda changu hapo Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo. Likizo nilikwenda Zambia kufuata vitenge. Likizo moja mama mkwe, Tupokigwe, alinijia kibandani.

"Mzee amesikia huko Livingstone wamekusanya vichwa vya zamani," alisema, "wamevitengeneza na kuvipaka rangi, watu wanaingia kutazama. Anasema akifa bila mtu wa nyumba yake kuona ndani ya lile tanuri, itabaki hadithi tu."

"Si aende na shemeji Meshaki?" Meshaki ni mdogo wake Jotham.

"Meshaki hana muda wa kutazama vyuma, ndivyo alivyosema. Umebaki wewe."

"Sasa mama, tutasafirije mimi na baba?"

"Wewe mbele, yeye nyuma. Kwani treni ina behewa moja?"

Ndivyo tulivyokwenda. Kutoka Mbeya alikaa behewa la nyuma yangu, na kila nilipopita ushorobani nilisikia kikohozi kabla sijamwona. Ndizi za kuchoma nilimpelekea kwa mkono wa abiria mmoja, mama wa makamo, ambaye alirudi akaniuliza kama tumegombana.

Makumbusho yenyewe yalikuwa uwanja wenye reli fupi zisizokwenda popote, na juu yake vichwa vya treni vimesimama, vyeusi, vinang'aa. Mimi niliona huzuni kidogo, vitu vilivyozaliwa kwa mwendo kuwekwa hivyo. Baba Jotham hakuona huzuni yoyote. Alitembea katikati yake kama mkaguzi, akivigongagonga kwa fimbo, hadi msimamizi, Bwana Mweemba, akamwomba asibandue rangi. Mbele ya kimoja kirefu alisimama, akakohoa.

"Hiki," alikiambia kwa Kiswahili, "nimekiwasha sana. Asubuhi ya baridi kilikuwa na kiburi. Kinataka kuni kavu kwanza, makaa baadaye. Ukikiharakisha kinakujaza moshi machoni."

Bwana Mweemba alinisogelea. Mimi na yeye tulikuwa tukiongea Kiingereza. "Mzee anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Mbona anatazama injini?"

"Mimi ni mke wa mwanawe."

Alicheka polepole. "Kwetu Watonga tunamkimbia mama mkwe. Mimi nimewahi kujificha nyuma ya mti nikiwa na suti."

Akaturuhusu kupanda mmoja mmoja, kwa kuwa kile chumba cha dereva ni kidogo, kisha akaenda kuwafungulia wageni wengine geti. Baba Jotham alipanda, akakaa kitambo, akateremka. Nikapanda mimi. Sikuona kitu. Mlango wa tanuri ulikuwa chuma kizito kinachofunguka kwa kuvuta mnyororo, na ukiuachia unajifunga. Nikivuta, niko mbali. Nikisogea kuchungulia, umefungwa.

Nilijua yuko chini anasubiri. Ningeweza kusema nimeona, naye angeamini, na safari yote ile ingekuwa ya bure bila yeye kujua.

"Haufunguki," nilisema, kama mtu anayejisemea.

Halafu kikohozi, mara mbili, na ngazi ikalia chini ya viatu vyake. Alipanda uso ukiwa umeelekea kwenye lundo la makaa kule nyuma, akarudi kinyumenyume, akanyoosha mkono mgongoni kwake, akaupata mnyororo bila kuutafuta.

"Anayetaka kuona aone," aliyaambia makaa. "Mimi natazama makaa."

Niliinama nikapita chini ya mkono wake. Haukushuka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya kutu, na kule mwisho matundu mengi ya mabomba, mengine yakipenyeza mwanga wa nje, kama sega la nyuki. Mbele ya shimo hili alikuwa ameinama kila alfajiri, hata kabla Jotham hajazaliwa. Nilitazama kwa niaba ya watu wawili.

"Nimeona, baba," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia maishani.

Alisubiri nitoke, akauachia mnyororo taratibu, akateremka.

Tangu hapo, mtu wa Masukulu akimcheka, jibu lilikuwa moja: "Muulizeni mke wa Jotham. Ameona." Nao waliniuliza, sokoni na kwenye mizani ya kupimia majani ya chai, nami nikajibu. Lakini wengine waliupenda sana ule udereva. Hata alipougua na kulala kitandani walimwamkia, "Pole, dereva."

Siku nilipokwenda kumwona, nilisimama kwenye kona ya nyumba, karibu na migomba, nikakohoa mara mbili ili apate kugeuza uso. Nilipoingia alikuwa anatazama mlangoni. Sikujua niyaweke wapi macho yangu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Wasifu wangu ataandika Meshaki, naye ataandika niliendesha. Wewe ndiye uliyeona. Simama pale kaburini, useme niliwasha."