Saa Kumi Ni Usiku au Alfajiri

Rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza alikufa akiwa mtunzaji wa maktaba ndogo ya programu, na kwa karibu miaka miwili baada ya hapo niliendelea kuwajibu watu kwa jina lake.

Maktaba yenyewe si ya vitabu, ni msimbo tu, na haikuwa na makuu. Programu nyingine za mfumo wa kompyuta wa Linux huiazima ili zionyeshe saa kwa hesabu yetu: kompyuta ikisema kumi na tatu, yenyewe inasema saa saba mchana. Aliiandika hapa Same, kwenye kibanda cha kutengenezea kompyuta tulichokuwa nacho kabla sijaanza tena kuhamahama. Akaifunga kama kifurushi na kuipandisha kwenye hazina ya jumuiya, ambako watu hujitolea kutunza vifurushi. Mfumo ukibadilika, mtunzaji hukijenga kifurushi upya kiendane nao, hukijaribu, hukipandisha. Akinyamaza sana, hutangazwa kuwa kifurushi ni yatima, na yeyote anaweza kukichukua.

Alipolazwa alinipa karatasi yenye nywila yake. "Usikiache kife," alisema. "Na usianze kukipamba. Nakujua wewe."

Nimekijenga nikiwa Tanga, nikiwa Mwanza, nikiwa kwenye chumba cha kupanga Ndungu, dirisha likitazama majaruba ya mpunga. Majaribio yake huanza kwa kutaja saa zote ishirini na nne, mstari mmoja mmoja, kwa maneno aliyochagua mwenyewe. Saa moja asubuhi. Saa mbili asubuhi. Nilimsikia kabisa, na lile koo lake la kukwaruza. Mistari ilipokaribia mwisho nilitamani mashine ipunguze mwendo.

Watu waliandika. Bwana mtunzaji, kinagoma kujengwa. Bwana mtunzaji, ahsante, kimepona. Nami nikajibu kwa akaunti yake, kwa ufupi kama alivyokuwa akijibu yeye. Kuna ukurasa wa kuomba kifurushi kitangazwe yatima. Niliufungua mara kadhaa, nikaufunga.

Halafu akaja mtu wa Kigoma, aliyelitambua jina la mtunzaji kuwa la Kipare. Aliandika: "Saa yako inaniambia saa kumi usiku, na mimi niko njiani naenda kazini. Kwetu hiyo ni alfajiri. Nyie Wapare mnalala sana?"

Nilicheka, nikamjibu: "Huku milimani baridi, kaka. Saa kumi bado ni usiku. Ndivyo nilivyolelewa."

"Basi endelea kulala, ndugu yangu," akajibu. "Uzima tu."

Baada ya hapo ndipo nilipofungua msimbo wenyewe kuangalia mstari huo. Pembeni ya saa kumi, marehemu alikuwa amejiandikia: *muulize mama*. Kumbe hakuwa na hakika. Nilikuwa nimemtia kinywani jambo ambalo hata yeye alikuwa bado anataka kuliuliza. Nilijiona kama mtu aliyevaa shati la maiti akaenda nalo sokoni.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Bombo, milimani kwao marehemu.

Mama yake alikuwa barazani, anakwangua udongo kwenye tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko unakozunguka hawapiki?"

"Wanapika, mama."

"Basi hawakupakulii."

Nilikaa kwenye gunia, nikamuuliza bila kuzunguka: saa kumi ni usiku au alfajiri?

Kisu kikasimama. "Hata mwenzako aliniuliza hivyo hivyo, kwa simu, akiwa hospitali. Nikamwambia ni alfajiri. Saa kumi mimi nimeshawasha moto. Akasema, haya, nitarekebisha." Alinitazama. "Hakurekebisha?"

"Hakuwahi."

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Watu wanaotumia ile kazi yake ya saa. Wanamwandikia."

"Bado wanamwandikia?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani anawajibu?"

Nilisema ni mimi. Akauliza kwa jina la nani, nikamwambia. Alisema kitu kwa Kipare, taratibu, si kwangu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kama vile mimi ni mgeni aliyeletwa na mtendaji wa kijiji.

"Wiki ile ya msiba nilimpigia simu. Nilijua yuko kaburini, nimemwona akishushwa. Nikapiga tu. Sasa niambie, kama ungepokea wewe ukasema haloo kwa sauti yake, ningekuwa wapi leo?"

Akaokota tangawizi nyingine.

"Waandikie," alisema. "Hapa hapa, nikikuona."

Nikatoa kompyuta kwenye begi. Niligeuza saa kumi kuwa alfajiri. Juu ya faili, penye jina la mtunzaji, nikaweka langu, lake nikalishusha mstari wa chini, kwa wachangiaji. Kisha nikaandika kwenye ukurasa wa kifurushi kwamba mwenye kazi hii alifariki, na kwamba majibu yote tangu wakati huo yalikuwa yangu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ujumbe ulikaa muda mrefu ukizunguka kabla haujaondoka.

Nililala hapo. Asubuhi, tukinywa chai, yule wa Kigoma akawa amejibu.

"Ameandika nini?" mama akauliza.

Aliandika: "Poleni sana. Lakini sasa, mimi nilikuwa nikitaniana na nani?"

Nikamsomea ile pole tu.