Bonge la Gundi Katika Pindo la Kikoi

Mwanangu, hiyo chupa ya mafuta ya nazi irudishe jikoni kwa bibi yako. Baiskeli iegemeze hapo ukutani, uketi. Najua una haraka. Vijana wote mna haraka, nami sina tena nguvu za kushindana nanyi. Magoti yananiuma tangu alfajiri, na sauti yenyewe unaisikia ilivyo. Lakini uliposema kwamba mipira ya kushikia ya baiskeli yako inazunguka mkononi, na kwamba utaitoa uirudishe kwa mafuta ili iingie vizuri, nimekumbuka siku moja ambayo laiti ningeweza kuisahau. Nitakusimulia mara hii moja, kisha uniache nijinyooshe.

Nilikuwa na umri kama wako, miaka michache kabla ya vita vile vya Wajerumani. Kazi yangu ilikuwa kukalafati majahazi kule Matondoni, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta. Katika kazi yetu hapakuwa na kitu kilichoingia mahali pake bila mafuta. Hata msumari tuliuzungushia pamba yenye mafuta kabla ya kuupigilia, nao ulikaa miaka na miaka. Basi nilikuwa nikijiona fundi, mwanangu. Nilikuwa na mikono myepesi na kichwa kizito.

Baiskeli hapa Amu wakati huo ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Moja ilikuwa ya Mwalimu Shee, jirani yetu, aliyeletewa na nduguye kutoka Unguja. Kila siku maji yakitoka, mchanga wa pwani ukawa mgumu, Mwalimu hupandisha kanzu yake mpaka magotini, akaifunga kwa mshipi, akaenda nayo kijijini Shela kusomesha watoto Kurani chuoni. Watu walimcheka sana. Wazee wa barazani walimwuliza kama kilemba na magurudumu vinakwenda pamoja. Yeye huwajibu kwamba punda wake alikuwa akidai majani kila siku, na huyu wa chuma hajadai kitu bado.

Lakini kusomesha ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Mwalimu Shee alikuwa mwandishi wa misahafu. Aliandika kwa kalamu ya tete, kwa wino aliouchanganya mwenyewe wa masizi na gundi ya mgunga, ile gundi ya mti iliyokuwa ikiletwa na watu wa bara. Siku zile alikuwa akiandika msahafu wa wakfu kwa ajili ya mamake, aliyefariki. Alikuwa ameshakaa nao miaka mitatu, na zilimbakia juzuu mbili tu. Kila aliyeingia nyumbani kwake alionyeshwa ukurasa mmoja, mmoja tu, na kwa mkono uliooshwa.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri akaniita. Nduguye alikuwa amempelekea mipira mipya ya kushikia, ile ya zamani imekwisha kukatika. Akaniambia, "Omari, weye una mikono ya kazi. Nivishie hii." Kisha akanipa bonge la gundi ya mgunga, kubwa kama kokwa ya tende, kutoka kwenye kasha lake la wino. Akanieleza niiroweke, niipake, na baiskeli isiguswe mpaka kesho yake alasiri.

Nikaitikia "Naam, Mwalimu," na moyoni nikacheka. Nilijiambia mtu wa kalamu atajua nini habari ya kukaza chuma na mpira? Tena alasiri hiyo palikuwa na kirumbizi, mchezo wa fimbo, mtaani Langoni. Nilikuwa na fimbo mpya, na kulikuwa na kijana mmoja wa mtaa wa Mkomani aliyenishinda mara ya kwanza ambaye nilitaka kumrudishia mbele za watu. Kuroweka gundi na kungoja! Nikalifunga lile bonge katika pindo la kikoi changu, nikachukua mafuta ya nazi ya mama, nikapaka usukani, nikasukuma. Mipira ikateleza ikaingia mara moja. Nilitamani hata kuwe na mtu wa kunitazama.

Nikamrudishia Mwalimu baiskeli yake. Akaniuliza kama nimetia gundi. Nikamwambia nimetia, ila aiache mpaka kesho. Unaona, hata uwongo niliupamba. Akaniombea dua, mwanangu, akaniambia Mungu aibariki mikono yangu, nami nikaenda mbio Langoni na dua yake ya bure. Kirumbizi chenyewe nikapigwa tena.

Mbao ikilowa huvimba ikaubana msumari. Ndiyo sababu mafuta hayakutudhuru majahazini. Chuma hakivimbi. Jambo hilo angenieleza mtoto wa chuo kama ningeuliza.

Mipira ilikaa siku mbili kwa sababu ilikuwa mipya na imebana. Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Mwalimu alikuwa anarudi kutoka Shela, amefika pale ndia inapouacha mchanga ikapanda kwenye mawe. Akauvuta usukani ili apande, na mpira wa mkono wa kulia ukatoka mzima mzima, kama kidole kinavyotoka kwenye pete yenye sabuni. Akaanguka juu ya mawe. Wanawake waliokuwa wakitoka kuteka maji wakamkuta ameketi, kiganja cha mkono wa kulia kimepinda upande usiokuwa wake. Wakamleta mjini juu ya punda. Mpira ule alikuwa ameuhamishia mkono wa kushoto, hataki kuuachia.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika kitu. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Mganga wa mifupa akamfunga kwa vijiti vya makuti. Nami nikawa mtu wa kwanza kwenda kumjulia hali. Siku ya kwanza nikampelekea samaki. Siku ya pili nikampelekea maji ya madafu, naye siku zote mbili akawa anajiuliza gundi ile ina ubaya gani. Mkewe, Bi Mwanakheri, akaniwekea halua, akanisifu mbele ya majirani, akasema kijana mwenye huruma kama huyu hajapata kumwona. Sikuweza kumtazama. Ile gundi ilikuwa pindoni bado, nikienda inanigonga pajani. Ningeweza kuitupa baharini, na mara mbili nilikwenda mpaka gatini kwa nia hiyo. Sijui mpaka leo kilichonirudisha. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini kuirudi ni safari ndefu.

Siku ya tatu nilimkuta Bi Mwanakheri ukumbini analia. Akaniambia Mwalimu hajala tangu jana, na haulizi mkono wala maumivu. Anauliza gundi. Nikaingia ndani. Alikuwa ameketi mkekani, msahafu umefunguliwa mbele yake juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, anapitisha ncha ya kidole cha kushoto juu ya herufi, taratibu, kisha anakitazama kidole kama kimepata weusi. Ubavuni kwake palikuwa na bakuli kubwa la shaba, limejaa maji.

Akanieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa. Gundi ile aliyonipa ni ya fungu lile lile aliloanza kulitumia katika wino tangu juzuu ya ishirini na moja. Kama imeharibika, basi juzuu nane zote alizoandika kwayo hazina mshiko. Leo herufi zimekaa. Baada ya miaka zitapukutika, na mtu atakuja kuisoma Aya ya Mungu ikiwa pungufu, na dhambi itakuwa ya mwandishi, na ya mama aliyeandikiwa. Heri azioshe mwenyewe kwa maji safi, kama yanavyooshwa maandishi ya kombe, yale ya dawa yaandikwayo sahanini, maji yakamwagwe pasipokanyagwa.

"Omari," akaniambia, "gundi iliyoshindwa kushika mpira itashikaje maneno ya Mola?"

Akauchukua ukurasa wa kwanza wa juzuu zile kwa mkono wa kushoto, akausogeza juu ya maji. Miaka mitatu, mwanangu, ilikuwa imeketi pale karibu na bakuli la maji, na mimi ndiye niliyeileta hapo kwa ajili ya mchezo wa fimbo.

Nikashika mkono wake. Nikamwambia, "Mwalimu, gundi hiyo sikuitia." Nikafungua pindo la kikoi, nikaliweka lile bonge juu ya mkeka. "Nilipaka mafuta."

Akaliokota bonge, akaligusa kwa ulimi, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu machozi yakamtoka, na nikaona kwamba si ya mkono. Aliurudisha ukurasa mahali pake, akamwita mkewe aje aliondoe bakuli.

Ndipo akanitazama. "Mafuta nimekusamehe," akasema. "Ungeniambia siku ile nisingekasirika, ningekucheka. Lakini siku tatu umeketi hapa ukila halua yangu, unanitazama nikiituhumu gundi isiyo na kosa. Hilo ndilo zito, Omari. Hilo nipe muda."

Hakupandisha sauti. Laiti angenipiga.

Kesho yake akaniagiza nilete baiskeli uwanjani kwake. Akaketi juu ya kiti, mkono umefungwa kifuani, akanisimamia kazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi leo nakusimamia wewe vivyo hivyo, kwa hiyo sikiliza.

Kwanza niliusugua usukani kwa majivu na ndimu mpaka chuma kikalia chini ya kitambaa. Nikauosha, nikaukausha juani. Nilipotaka kuugusa kuona kama umekauka, Mwalimu akanizuia. Kidole nacho kina mafuta, na yeye kabla ya kuandika huosha mikono kila mara, kwa kuwa wino haushiki penye mafuta hata kama ni alama ya dole gumba. Nikaosha mipira kwa sabuni, ndani hasa. Akaniamuru nitoboe kitundu mwishoni mwa kila mpira kwa sindano ya moto, kwani pumzi ikifungiwa ndani itausukuma mpira utoke, leo au kesho. Gundi tuliiroweka katika maji ya vuguvugu ikawa kama uji mwepesi. Mipira tukaitia katika maji ya moto kidogo ilainike, tukaifuta. Kisha nikapaka gundi nyembamba kwenye chuma, nikasukuma mpira huku nikiuzungusha, kwa mkupuo mmoja bila kusita. Gundi ikiwa mbichi inateleza kama mafuta, mwanangu, usidanganyike. Tofauti yake utaiona kesho.

Na kesho hiyo ndiyo iliyonishinda mara ya kwanza. Safari hii baiskeli ilikaa uwanjani mpaka alasiri ya pili, haikuguswa na mtu. Nilipojaribu kuuzungusha mpira kwa nguvu zangu zote, ngozi ya kiganja ndiyo iliyosogea. Mwalimu akatikisa kichwa tu. Hakupanda tena baiskeli ile maisha yake. Alirudi kwa punda, na wazee wa barazani hawakumcheka. Baiskeli aliniachia mimi. Ilikufa kwa kutu baada ya miaka mingi, fremu imekatika, na mipira ile ilikuwa imeshika bado.

Mfupa uliunga, lakini kiungo kilibaki kigumu. Juzuu mbili alizokuwa azimalize kwa miezi michache zilimchukua mwaka na zaidi, na mimi nilikuwa nikienda kila jioni kumsagia masizi na kumroweshea gundi. Alinisamehe, alisema mwenyewe, nami namwamini. Akaumaliza, ukasomwa, ukawekwa wakfu kwa jina la mamake. Mwaka jana niliomba niuone tena. Ukiufungua mwanzoni, herufi zimesimama kama watu katika safu ya sala. Ukifika juzuu ya ishirini na tisa zinaanza kutetemeka, na zinatetemeka mpaka mwisho. Msomaji asiyejua atasema mwandishi alizeeka. Ni mimi niliyeuandika mtetemeko ule, na kalamu sikuishika.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sina nguvu ya kuirudia. Chuma chako kisafishe kwanza, na kinachoingia kwa kuteleza usikiamini. Ukipewa kazi na mtu, fanya alivyokuambia, hata ukijiona fundi kuliko yeye. Na kama huwezi kungoja, mwambie huwezi, aitafute mikono mingine. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa lingali dogo la kuchekwa. Usimwache mtu mwema akaituhumu kazi yake kwa ajili ya uwongo wako, maana mfupa huunga, lakini miye ni mzee huyu na siku tatu zile zingali pajani mwangu zikinigonga.

Gundi iko katika kile kikopo juu ya rafu. Ndimu muombe bibi yako, na majivu yapo mekoni. Kesho alasiri ndipo upande, si kabla. Mola akulinde ndiani, akupe subira niliyoikosa mimi, na kila utakachokishika mkononi kisikutoke ila kwa kheri. Amin. Sasa nipe mto huo, nilaze magoti yangu.