Upanga wa Daktari Idris

Mume wangu Khalfan alianza kupenda panga za Kijapani kwa sababu ya harufu. Kabla hatujaoana, mfanyabiashara mmoja wa soko la Matrah aliyekuwa akiuza majambia alimpa upanga aushike, na alipouchomoa kwenye ala akasikia karafuu. Wajapani hupaka panga zao mafuta yaliyotiwa karafuu zisishike kutu. Khalfan amezaliwa Maskati, lakini mama yake alikuwa mtu wa Pemba, na harufu ile ilimshika. Akaununua pale pale. Haukuwa na maana, kazi ya kiwandani tu, lakini ndio uliomtia ugonjwa.

Ugonjwa huo akaugua pamoja na Daktari Idris. Alikuwa Msudani, daktari wa macho, aliyekaa Maskati miaka mingi hata akajifunza Kiswahili chetu, japo cha kubabaisha. Ijumaa baada ya sala walikuwa wakikaa mezani kwangu, kitambaa cheupe kimetandikwa, na upanga ukishachomolewa hakuna ruhusa ya kuzungumza, maana mate yakirukia chuma huleta kutu. Wanaume wawili wazima, kimya kama wako msibani. Mie nikiwacheka, kisha nikakaa nao. Baba yangu alikuwa sonara, basi nilipenda zaidi vile visahani vinavyokinga mkono penye mpini, vimechongwa mawimbi na ndege korongo, kazi ya fundi aliyekufa karne nyingi nyuma.

Idris alipostaafu alirudi kwao Khartoum kumtunza dada yake mkubwa, Hajja Nafisa, aliyekuwa halali wala haketi bila ya kushikwa. Huko akanunua upanga kwa warithi wa balozi mmoja wa zamani. Siku moja ya Shaaban, niko jikoni nachagua mchele, akapiga simu. Alisema hajathubutu kuufungua mpini peke yake. Tuje tufuturu kwake, na Khalfan atazame jina la fundi lililochongwa kwenye chuma kinachojificha ndani ya mpini. Khalfan alikwisha kutoa begi kabla simu haijakatwa.

Tulifika Ramadhani, kumi la mwisho. Idris alikuwa amekonda, lakini alitukumbatia kwa nguvu na kunitania kuwa nimemnyima mkate wa ufuta tangu aondoke Maskati. Nilikuwa nimemchukulia. Ijumaa Khalfan akagonga kile kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, kikatoka, mpini ukachomoka. Kutu ya ndani ilikuwa nyeusi kama kahawa iliyoungua, kutu ya kweli ya uzee. Akalitazama jina muda mrefu. Panga nyingi zina jina la fundi mkubwa lililochongwa na mtu mwengine, na Idris alilijua hilo. Khalfan akasema atalitazama tena kesho kwa mwangaza wa asubuhi, asije akasema lisilokuwapo. Lakini nilimwona masikio yamemwiva.

Asubuhi hiyo haikuja na mwangaza wa kutazamia upanga.

Nyumba haikuwa mbali na uwanja wa ndege. Kwanza nilidhani mtu anabomoa jengo. Kisha madirisha ya sebuleni yakaanguka yote pamoja.

Tulimbeba Hajja Nafisa na godoro lake tukamlaza ukumbini, mahali pasipo dirisha.

Umeme ukakatika, kisha maji. Ndege za vita zikipita juu, na kila zikipita Idris alikuwa akimziba dada yake masikio kwa mikono yake miwili, yake mwenyewe akayaacha wazi. Tulifuturu kwa tende na mkate wangu wa ufuta uliokwisha kukauka. Idi ilitukuta mumo humo ukumbini. Alivaa kanzu safi, akatupa mkono wa Idi mmoja mmoja kama vile tuko watu hamsini.

Siku chache baada ya Idi likavunjwa geti.

Waliingia wanaume na bunduki, wamejifunga vilemba usoni. Walitaka ufunguo wa gari.

Gari lile ndiyo njia yetu ya pekee. Tulikwisha kusikia kwa majirani kwamba yako mabasi ya kwenda Port Sudan, bandarini, lakini kituo kilikuwa mbali, na barabarani watu walikuwa wakipigwa risasi wakienda kwa miguu.

Mmoja wao alikuwa ameziba jicho kwa kitambaa, damu imemkaukia shavuni. Idris akamtazama yeye, si bunduki. Akamwambia akae.

Akatoa vyombo vyake. Alimwinamia mtu yule kwa tochi niliyomshikia mie. Akatoa kipande cha chuma, akaosha jicho, akalifunga. Akamweleza namna ya kutia dawa, taratibu, kama yuko kliniki. Yule mtu akamwita ammi, baba mdogo.

Kiongozi wao alishukuru. Gari hata hivyo alilitaka.

Idris akamwambia ana wageni, amewaalika mwenyewe, na lazima awafikishe kituoni. Akamwomba achukue kitu chengine. Kiongozi akatazama huku na huku, akasema sioni kitu humu kinachoshinda gari.

Idris akamgeukia mume wangu. Akasema kwa Kiswahili, wasielewe:

"Khalfan. Jina ile kweli au uwongo?"

Khalfan alimtazama usoni.

"Uwongo," akasema. "Mpe."

Idris akaitikia kwa kichwa, akamwambia kiongozi kuwa anao upanga wa kale uliotoka Japani, bei yake yashinda gari. Khalfan akenda kuuleta. Mpini alikwisha kuurudisha. Akaufuta kwa kitambaa, akautia alani, akaufunga ndani ya mfuko wake wa hariri, akaukabidhi kwa mikono miwili. Kiongozi aliutupia begani kama jembe. Wakaondoka.

Jirani alikubali kukaa na Hajja Nafisa. Idris alituendesha mwenyewe hadi kituoni kwa vichochoro. Nilimwambia njoo, tumpakie na Hajja, tutambeba. Alisema safari ile itamuua dada yake kabla ya bahari. Akamshika Khalfan mkono kupitia dirisha la basi, wala hawakusema neno, walivyozoea mezani kwangu. Kisha akageuza gari.

Kwenye meli ya kwenda Jeddah ndipo Khalfan aliponiambia. Jina lilikuwa la kweli. Maisha yake yote hajashika upanga kama ule, wala hatashika.

"Nlimwambia uwongo aweze kuutoa," akasema.

"Angeutoa vyovyote," nikamjibu. "Weye humjui Idris?"

"Nnamjua. Sikutaka autoe huku unamuuma."

Tulipofika Maskati uwongo ule ulimkalia kooni. Hakuwahi kumdanganya Idris juu ya upanga hata mmoja. Simu za Khartoum zilikuwa hazishiki, hata mchana mmoja ikashika, na kabla ya kuuliza hali, Khalfan akamwambia yote. Niliweka sikio langu karibu na lake.

Nilimsikia Idris akicheka.

"Mimi najua zamani," akasema. "Upanga ya uwongo wewe hapana funga na hariri. Watu wale na bunduki, wewe nafuta, nafuta."

Akauliza kama nimefika salama, akasema Hajja ananisalimia.

Hatukumpata tena. Baadaye jirani yake alituletea habari kupitia jamaa aliyefika Misri. Moyo wa Idris ulichoka, hospitali zimefungwa, dawa hakuna. Makaburini hakukufikika, wakamzika uani kwake. Hajja Nafisa hakukaa sana nyuma yake.

Wakusanyaji wenzake wakimsikia Khalfan akiutaja upanga ule huingiwa na uchungu. Humwuliza mstari wa makali ulikuwaje, urefu, rangi ya chuma. Huwajibu kwa adabu, kisha huanza kuwahadithia habari za daktari, nao baadhi yao hutazama saa. Mie sijamsikia hata mara moja akiutamani. Pengine umekatwakatwa, pengine uko ukutani kwa mtu. Yule aliyetolewa chuma jichoni, ikiwa yu hai, anaona. Sisi tulipanda basi.

Miaka imepita na magoti ya Khalfan yamekuwa mabovu, hata kupanda ngazi za nyumba yetu hupumzika katikati. Lakini anasema njia ikifunguka tu atakwenda kulisomea kaburi lile fatiha, lipo uani kwa watu au halipo. Nimemwambia hendi peke yake.