Betri ya Mashine Yangu Ilienda Matangani

Admin, ukipost hii naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 39, Mkenya, nauza mitumba Mbale, Uganda. Nimeolewa na Mgisu, mwenyeji wa huko, tunakaa Nkoma na watoto wetu wawili. Nikilala koo langu hujifunga na pumzi hukatika, mpaka daktari akanikataza kulala bila mashine. Ni kifaa kidogo chenye mpira na barakoa, kinanisukumia hewa puani hadi asubuhi. Mama mkwe hukiita mkonga, na mimi nilikuwa nacheka naye.

Mashine inataka stima, na stima ya huku mnaijua wenyewe. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Wanyange, kule Jinja, alininunulia betri ya kubeba. Mchana naichaji, stima ikipotea naichomeka, nalala kama watu wengine. Shida ni kwamba betri hiyo inaweza pia kuwasha spika, na ukoo mzima wa mume wangu ulishajua.

Juzijuzi baba yake mdogo alifariki kwao Busiu. Mtu wa town haendi matangani mikono mitupu, najua, kwa hiyo nilimfungia mume wangu mchele na sukari. Mimi nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Jioni stima ikapotea. Nikainama kutoa betri chini ya kitanda, nikakuta waya tu. Nikampigia. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba kwa spika, nikajua betri yangu iko wapi.

"Watu wanamlilia mzee, wewe unaleta maneno ya kulala?" akaniambia. "Leo kaa tu kwa kiti."

Nilikaa kwa kiti. Kila usingizi uliponichukua nilizinduka nikitafuta hewa, kifua kinauma. Niliogopa sana, hilo siwafichi.

Aliporudi na betri baada ya mazishi nilimuuliza, je, kama nisingeamka? Alikuwa anavua viatu, hata hakuinua kichwa.

"Lakini umeamka, si ndiyo?"

Akaomba chai, nikampikia. Sikulia wala sikugomba. Ilikuwa kama ameambiwa jirani, si mimi.

Shule zilipofungwa nilichukua watoto, mashine na betri nikaja kwa dada Wanyange. Wazee wa kwao wakapiga simu, eti mke hakimbii nyumba kwa sababu ya betri. Dada anasema nisirudi. Mimi nikijitazama sioni hasira wala hamu, ni uchovu tu. Nikajiambia, siku akipiga mwenyewe akaniuliza nalala vipi, nitafunga mizigo nirudi.

Jana amepiga. Nikatoka nje nimsikie vizuri. Akasalimia, akauliza watoto, nami nikangoja.

"Mama Neema," akasema, "mtoto wa kaka anatahiriwa, vijana wanataka muziki wa kuchezea imbalu. Hiyo betri iko na chaji?"

Nikamjibu iko nayo. Akasema Jumamosi atatuma mtu aje aichukue. Hakusema huyo mtu arudi na mimi.

Sasa nimeichaji imejaa, iko hapa kando ya mkonga wangu. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini. Huyo mtu akibisha hodi, nifanye nini?