Futi Kamba Dirishani

Nilikuwa nahamia Kanada, na nilishaamua kwamba nyumba niliyoachiwa na mama pale Singida mjini nitaipangisha, siiuzi. Mwalimu mmoja aliyetaka kupanga alikuja na futi kamba kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Jirani akamwona, akampigia simu kaka yangu huko Mkiwa: nyumba inapimwa.

Kaka alifika mwalimu akiwa bado anapima, sururu begani.

"Shikamoo, kaka."

Alinipita moja kwa moja. Alimkaba mwalimu shingo, akambamiza ukutani mpaka damu ikamtoka puani.

"Nunua sasa! Nunua na kitovu changu kilichozikwa humu!"

"Ni mpangaji, kaka! Anapima mapazia!"

"Mapazia ya nani, muuza kwao wewe?"

Sururu ilipita karibu na sikio langu, ikazama ukutani, matofali yakamwagika kama mtama. Nilipong'ang'ania mkono wake, kiwiko kilinivunja jino.

Mwalimu akakimbia na kiatu kimoja. Kaka akakaa juu ya kifusi, akilia kwa sauti, akisema hakujua kuwa ni mpangaji.

Nilimwamini. Lakini nikiwa mbali, nani angesimama kati yake na mpangaji mwingine? Kesho yake, mdomo ukiwa umevimba, nilimtafuta dalali, nikamwambia nauza.